Rooibos ya karameli: harufu ya gato, mdomoni maji tu?

mama_wa_Katuba
Jambo wote. Niko Lubumbashi. Mdogo wangu anayefuata mali Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ameniletea boksi la chai ya rooibos, limechorwa bakuli la crème brûlée, ile krimu yenye sukari iliyounguzwa juu. Nilipopasua karatasi ya ndani, nyumba ikajaa vanila na sukari inayoungua. Watoto wakaja mbio wakidhani naoka gato.

Nikamimina maji ya moto, nikangoja kama chai ya kawaida, nikanywa bila sukari. Puani karameli, ulimini hamna kitu: maji yenye mbao kwa mbali, halafu utamu fulani unaonata kooni, hata ukisukutua hautoki. Bwana alikunywa nusu, akauliza gato yenyewe inaletwa saa ngapi.

Ndivyo ilivyo, au kuna namna yake? Halafu baba mkwe ana presha, kahawa amekatazwa. Naweza kumpa jioni?

yaya_Kamalondo
Mama, hiyo karameli ni harufu iliyonyunyiziwa kiwandani, sukari haimo. Rooibos yenyewe ni kichaka cha milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Majani yake membamba kama sindano hukatwa, hupondwa, huachwa yavute hewa hadi yawe mekundu, ndipo yanaanikwa juani. Ladha yake ndiyo hiyo mbao uliyoisikia, ila uliiwahi mno.

Iache dakika 7 hadi 10, kikombe kimefunikwa kisahani. Usiogope, haikolei uchungu kama chai nyeusi, tanini yake ni kidogo. Rooibos tupu mimi naichemsha kabisa kwenye mbabula, jiko la makaa, lakini hii ya harufu usiichemshe, vanila yote itaishia hewani. Kisha maziwa ya unga, sukari kidogo, na punje chache za chumvi. Chumvi ndiyo inayoitoa karameli, usinicheke, jaribu kwanza.

muuguzi_Kampemba
Kabla ya sukari na chumvi, geuza boksi usome viungo. Huo utamu unaong'ang'ania kooni unanitia shaka: tafuta réglisse, kwa Kiingereza liquorice. Ni mzizi mtamu, wanautia sana kwenye chai za namna hii ili waandike "bila sukari". Shida yake, unafanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza potasiamu, presha inapanda. Anayekunywa dawa za kukojoza ndiye wa kuogopewa zaidi.

Rooibos tupu haina kafeini, hiyo mzee anaweza kunywa. Lakini yenye réglisse isiwe kinywaji chake cha kila jioni. Na zile punje za yaya ziishie kwenye kikombe chako!

papa_mchaichai
Mchaichai uko kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, tangawizi iko, mikate inakaangwa pale barabarani. Kunusa gato usiyoila ni kujitesa.

mama_wa_Katuba
Papa, mikate nitanunua, lakini boksi silitupi.

Nimesoma: rooibos, chicory (mzizi mwingine, unaokaangwa kama kahawa), liquorice, kisha arome, yaani harufu ya kiwandani. Iko ya tatu! Asante sana muuguzi, mzee atapata mchaichai. Mimi nimeifunika dakika 10, nikatia maziwa na chumvi ya yaya. Sasa inafanana na krimu kweli, hasa ikianza kupoa. Ikiwa moto sana bado mbao inatangulia. Sukari sikutia, huo mzizi unatosha na kubaki.

Yaya, hili likiisha naagiza rooibos tupu, vanila nitatia mwenyewe. Wewe unatumia ganda au ile ya chupa?