Taa zinaangusha RCD kila mvua ikinyesha: tupeane uzoefu

Mkazi wa Goba: Wakuu, mvua ya jana usiku imenirudisha kulekule. Ikinyesha tu, RCD (kile kifaa kinachokata umeme ukivuja) inaruka, nyumba nzima giza. Nikizima breka ya taa za nje inashika, nikiipandisha inaanguka. Mliopitia haya mlimalizaje?

Binti Tanga: Fungua taa zenyewe. Yetu tuliikuta na maji nusu globu, na mjusi amekaukia kwenye konekta. Tulikausha, tukapiga silikoni juu, chini tukaacha kitundu maji yatoke. Imetulia.

Msafiri 7: Hata kwetu, taa ya geti.

Mama Wawili: Nasoma hapa mikono inatetemeka. Masika ile, taa ya nje ikiwashwa jioni, RCD chini. Jirani akasema nyumba ina watu wake, tukasoma dua, bado. Akaja fundi, akafungua kifuniko, akaunga waya kuiruka ile RCD, akaniambia, "Mama, hii imekufa." Taa zikawaka, tukampa hela yake. Wiki hiyohiyo manyunyu yakaanza magharibi, binti yangu akatoka kuanua nguo. Kamba ilikuwa ya waya, imefungwa kwenye grili ya dirisha. Umeme ukamnasa. Hakupiga kelele, alikuwa anakoroma tu. Nataka kumshika, mdogo wangu akanifokea nisimguse, akakimbilia meni swichi. Vidole viwili vina kovu mpaka leo. Fundi wa pili alipofungua taa ya ukutani, skrubu ilikuwa imetoboa waya wa laivu, ule unaoleta umeme, na ncha yake imegusa fremu ya grili. RCD ilikuwa inatuambia siku zote hizo.

Binti Tanga: Pole sana dada. Mungu mkubwa.

Mzee wa Volti: Poleni, lakini msitishe watu. Hizi za bei rahisi huharibika zenyewe. Weka ya milliampea 100 (100 mA), isiyokata mpaka uvujaji ufike hapo, utalala.

Fundi Waya: Mkuu, usimshauri mtu hivyo. 30 mA ndiyo inayolinda mwili, 100 ni ya kuzuia moto. Na msitegemee breka ya taa. Ethi zetu nyingi, njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, ni rodi ya kuchimbia. Rodi yenye omu 20, kwenye volti 230, inapitisha ampea 11 na ushee. Breka ya ampea 10 aina ya B inataka 30 hadi 50 ndiyo ikate papo hapo. Chuma kinabaki na umeme, breka iko juu.

Mzee wa Volti: Nimefunga nyumba nyingi, sijaona hayo.

Msafiri 7: Mama wa watu kaeleza hapo juu, na bado unasema hujaona?

Ghorofani: Kwangu si mvua. RCD mbili, ya juu na ya chini. Taa ya ngazi ikiwashwa, paa! Zikabadilishwa balbu, swichi, hadi RCD. Kumbe laivu imetoka chini, nyutro, waya wa kurudisha umeme, imeazimwa juu. Umeme unatokea huku unarudia kule, RCD inaona umepotea njiani.

Mpangaji: Mimi nimezima breka zote za taa, bado inaanguka friji likianza kunguruma. Ninunue friji jipya?

Fundi Waya: Usinunue kwanza. Breka hizi hukata laivu peke yake. Nyutro ya taa ikigusa ethi darini inabaki palepale, na friji likivuta umeme, sehemu yake inapitia ethi. Fundi azime meni, apime kwa testa, achomoe nyutro za taa, kisha arudishe mojamoja, meni ikizimwa kila mara. Waya alioung'ata panya ataupata hivyo.

Duka la Kona: Yangu ni breka ndogo, si RCD. Taa za LED zikiwashwa zote pamoja, inaruka.

Mzee wa Volti: Weka breka aina ya C, inavumilia mvuto wa ghafla.

Ghorofani: Au ziwashe kwa mafungu, swichi tofauti. Zile zinavuta ghafla mara moja tu.

Mama Wawili: Fundi, kile kitufe cha T cha kujaribu RCD nibonyeze mara ngapi?

Fundi Waya: Angalau kila miezi sita, mama. Isipokata, ibadilishwe siku hiyohiyo. Ila kitufe kinapima RCD tu. Ethi mwite mwenye kipimo chake.