Njia ya droni ina meno ya msumeno: nichakate upya PPK, nipeleke PPP au nirudi shamba na RTK?

Mchora_Mipaka
Shikamooni wakuu. Jumamosi nimerusha droni juu ya shamba la mikorosho nyuma ya Mikindani, dakika 22, besi yangu mwenyewe (kipokezi cha GPS kinachosimama chini). PPK (kusahihisha njia ya droni baada ya kuruka, kwa data ya besi) nimechakata kwa programu ya RTKLIB: nusu ya kwanza kijani tupu, yaani fiksi, mahali pa uhakika hadi sentimita; nusu ya pili njano, yaani floti, bado inakisia, njia inaruka juu na chini hadi mita moja na nusu. Nifanyeje? Mteja ananipigia kila asubuhi.

Bi_Ramani
PPP (kupata mahali bila besi, kwa huduma ya data sahihi za setilaiti) kwa droni sahau. Inataka nusu saa au zaidi ndipo itulie, wewe ulikaa angani dakika 22. Ila data ya besi, kama iliwaka saa kadhaa, ipeleke huko upate koordineti safi za besi.

Fundi_Lindi
RTK tu, masahihisho ya besi yanaifikia droni ikiwa bado angani. Fiksi unaiona hapohapo, huumizi kichwa usiku.

Bi_Ramani
Fundi, hapohapo kama mtandao upo! Mimi bondeni Mingoyo laini ilikata katikati ya mstari, na kilichopotea kimepotea. PPK unachakata kwenda na kurudi. Fiksi ikikuponyoka kwenda, unaweza kuidaka kurudi.

Kijana_Newala
Hiyo ni aionosfia, tabaka la juu angani linalovuruga mawimbi ya GPS. Jua lina hasira miaka hii.

Mzee_Tripodi
Marahaba Mchora. Usichague njia kabla hujatazama sura ya kosa. Njia nzima ikihama sawasawa mita mbili tatu, koordineti za besi ni mbovu. Ikihama karibu mita 300, umechanganya Arc 1960, mfumo wa koordineti wa ramani zetu za zamani, na WGS84, mfumo wa GPS. Njia ikiwa safi lakini picha zinateleza kufuata mwendo, tazama saa: GPS iko mbele ya UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde 18, na droni ya mita 10 kwa sekunde hapo imeshakwenda mita 180, yaani shamba la jirani. Lako ni meno, na ni njano: floti. Droni iko juu, haizibwi na kitu. Uliruka saa ngapi, na besi uliisimika wapi? Aionosfia ya huku kwetu husumbua zaidi jua likishazama.

Mchora_Mipaka
Saa nne asubuhi. Besi... chini ya mkorosho. Jua lilikuwa kali, niliogopa betri isichemke.

Mzee_Tripodi
Betri umeifunika, antena umeizika chini ya majani, haioni setilaiti vizuri. Kata setilaiti zote zilizo chini ya nyuzi 20, toa zenye mikatiko mingi ya mawimbi, chakata kwenda na kurudi.

Mchora_Mipaka
Mzee, zimebaki dakika nne tu za njano! Hizo narudia kesho, besi katikati ya uwanja wa mpira. Betri nitaifunika kanga ya mke wangu.

Bi_Ramani
Na kimo cha antena pima wima. Ukipima mshazari, andika mshazari.