Naombeni ushauri: kuuza picha mtandaoni kwa kamera ya kawaida, inalipa?

Mluguru Mpole:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, nina kaduka ka madaftari, kupiga picha ni mapenzi tu. Mwaka jana nilipata Canon 700D iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18-55, kila Jumapili nazunguka nayo. Nasikia watu wanaweka picha Shutterstock na Adobe Stock zinanunuliwa. Juzi nikapeleka 10 kwenye mtandao mmojawapo: Uluguru jioni, twiga wa Mikumi, mama anapanga nyanya soko la Mawenzi. Tisa zimekataliwa! Imepita moja, lundo la nyanya bila mtu. Sitafuti utajiri, hela ya bando na mafuta ya pikipiki inanitosha. Niendelee au napoteza muda? Natanguliza shukrani.

Kipara wa Kamera:
Mkuu, hebu ikuze hiyo ya Uluguru mpaka asilimia 100 uangalie anga. Chenga tupu, au nadanganya? ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, uliiacha juu kisa giza linaingia. Shusha hadi 100, tafuta stendi ya kamera, hata kiroba cha mchele chini ya kamera kinafaa.

Twiga achana naye. Wapo maelfu kule, wamepigwa na watalii wenye lenzi kama bazuka. Wewe unashinda mjini hapo, wao hawashindi. Piga sado ya dagaa, fundi cherehani, mkulima anasoma meseji shambani. Yangu inayonunuliwa kuliko zote ni mikono ya bibi akipepeta mchele kwenye ungo, niliipiga nikisubiri chakula.

Nimechoka Mie:
Mimi nilipakia picha 300 mwaka mzima nikapata dola 19. Kutoa wanataka zifike 25. Fanya hesabu mwenyewe.

Binti Pwani:
Nimechoka, 300 za nini? Kama ni machweo ya Coco Beach mara 300, hiyo ni picha moja kaka.

Mleta mada, ukweli ni kwamba bei ni ndogo. Shutterstock picha moja inaweza kukulipa hata senti 10 za dola. Adobe Stock wanakupa asilimia 33 ya mauzo, na kwa wateja wa kulipia kwa mwezi ni senti thelathini na kitu. Shutterstock kila Januari wanakurudisha daraja la chini la malipo uanze kupanda upya. Jaza na fomu ya kodi ya W-8BEN: Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa asilimia 30. Hela mimi napokea kwa Payoneer, inaingia benki.

Mwanamvita:
Huku Kenya tunatoa PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa, shwari kabisa. La kuongeza: maneno ya kutafutia yaandike kwa Kiingereza, na yawe mahususi. Ukiandika "food" umepotea. Andika jina la mboga, soko, mkoa, kazi inayofanyika.

Mluguru Mpole:
Na yule mama je? Picha yake ndiyo naipenda kuliko zote.

Kipara wa Kamera:
Sura ya mtu inataka fomu ya idhini, asaini yeye na shahidi. Bila hiyo inauzwa kama picha ya habari tu, si ya tangazo. Na futa nembo, naona kofia yake ina ya kampuni ya simu.

Mluguru Mpole:
Mrejesho, wakuu. Leo nimekwenda Mawenzi na fomu, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Akaniuliza, "Na mimi napata nini hapo mwanangu?" Nikakosa jibu. Nimenunua sado mbili, nikaahidi kumsafishia picha kubwa aitundike nyumbani. Kasaini, shahidi ni muuza vitunguu wa pembeni.

Binti Pwani:
Sado mbili za nyanya! Una familia au unazila peke yako?

Mluguru Mpole:
Peke yangu, dada. Kesho nazipanga dirishani, asubuhi mwanga unaingia vizuri.