Chuo kikubwa, klabu ndogo au Marekani? Mliosomea urubani njooni hapa

AngaMchanga
Wakuu habari zenu. Nataka kuanza urubani na lengo ni ndege za abiria, sio kuruka wikendi tu. Nimebaki na machaguo matatu. La kwanza chuo kikubwa, kozi moja mfululizo kutoka sifuri mpaka leseni ya biashara (ya kuruka kwa malipo) na kibali cha ndege za injini mbili, ada kwa awamu kubwa kubwa. La pili klabu ndogo, unalipa kila ukiruka, wana ndege ndogo aina ya Cessna 172 tatu na wakufunzi wawili. La tatu Marekani, nikusanye masaa ya kuruka haraka alafu nirudi nibadilishe leseni. Bei ya saa moja naiona kwenye tovuti zao, mengine siyaoni. Nyie mliangalia nini?

KitiChaKulia
Mimi ni mkufunzi, na bei ya saa ndo kitu cha mwisho ninachomwambia mtu aulize. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni masaa 40 kwa leseni binafsi, au 35 kama kozi imeidhinishwa, na leseni ya biashara ni 200 au 150 kwa kozi ya mfululizo. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, wengi wanapita hapo. Chuo kikikupigia hesabu kwa masaa ya chini kabisa kinakutajia bei ya mwanafunzi ambaye hajazaliwa bado, kwahiyo waulize wanafunzi waliomaliza mwaka jana walimaliza na masaa mangapi na miezi mingapi, wakianza kuzungukazunguka basi umeshajibiwa.

Alafu uliza saa yenyewe inapimwaje. Mita ya Hobbs inahesabu tangu injini inawaka, ya tacho inafuata mizunguko ya injini kwahiyo ukiwa chini injini inanguruma taratibu inatembea polepole. Kwenye uwanja wenye msongamano unaweza kukaa foleni nyuma ya ndege kubwa huku Hobbs inakula hela yako. Ila uwanja huohuo unakufundisha kuongea na mnara wa kuongozea ndege mpaka uzoee, sio hasara tupu.

BintiMawingu
Mi nilisoma chuo kikubwa na sijutii, ila sikiliza. Faida yake ni utaratibu, kila hatua una mtihani wa ndani na mkaguzi ambaye sio mkufunzi wako, na nadharia inaenda sambamba na kuruka. Kwenye usaili wa shirika la ndege hiyo nidhamu inaonekana.

Ubaya ni kwamba wakufunzi vijana wako pale kukusanya masaa yao waondoke. Unazoea mtu, wiki inayofuata kaitwa na shirika, mpya anataka akuone ukitua upya kabla hajakuruhusu kuruka peke yako, na hayo masaa unalipa wewe. Klabu ndogo mara nyingine ina mzee mmoja aliyeamua kufundisha ndo maisha yake, huyo ukimpata mng'ang'anie.

Na usilipe ada yote mbele hata wakikupa punguzo la kutisha. Vyuo vya urubani vinafilisika, na mwanafunzi aliyelipa anajikuta mwisho wa mstari wa wadai. Lipa kidogo kidogo, masharti ya kurudishiwa yawe kwa maandishi.

Spana_na_Mafuta
Nyie wote mnaongelea walimu, ndege nani anaziangalia? Tovuti inasema ndege tatu, we nenda uhesabu ngapi zinaruka leo. Kuna ukaguzi wa kila masaa 100, na ndege ya mafunzo inayofanya kazi vizuri inayafikisha chapchap. Klabu yenye ndege tatu, moja ikiwa kwenye ukaguzi na nyingine inasubiri spea, mmebaki na moja mnaigombania kama bodaboda ya mwisho usiku. Uliza kama fundi ni wao au wanasubiri mtu wa nje, na omba kuona kitabu cha hitilafu, hitilafu zikiandikwa na kufungwa haraka ni dalili nzuri. Kitabu kisafi kabisa kinanitia wasiwasi zaidi.

Umri wa ndege usikutishe, 172 ilianza kutengenezwa 1956, cha muhimu ni matunzo.

Njia_27
Kuhusu Marekani, vyuo viko chini ya Part 61 au Part 141, hizo ni sehemu mbili za kanuni zao za urubani. Leseni ya biashara ni masaa 250 kwa ya kwanza na 190 kwa ya pili, na mgeni lazima apitie uchunguzi wa usalama wa TSA (mamlaka yao ya usalama wa usafiri) kabla ya kuanza. Masaa yanakusanyika haraka kweli, lakini anza na mamlaka ya nchi utakayofanya kazi, uliza wanataka nini ili kubadilisha. Ulaya kwa mfano ukitaka leseni yao unakaa mitihani 13 ya nadharia, masaa yako ya Marekani hayakuepushi.

Na cheti cha afya daraja la kwanza, kile cha marubani wa biashara, kitangulie chochote. Macho au moyo vikikataa, bora ujue hujalipa chuo.

AngaMchanga
Asanteni sana. Kwahiyo daktari kwanza, alafu naenda klabu na chuo bila kutoa taarifa. @Spana nikifika nianzie wapi, ofisini?

Spana_na_Mafuta
Ofisini watakupa chai na kipeperushi. Kaa na wanafunzi wanaosubiri ndege, waulize wiki hii wamekansel mara ngapi na kwa sababu gani. Wakisema hali ya hewa, hiyo sawa, ila wakisema ndege mbovu au mkufunzi hayupo, hapo andika.

BintiMawingu
Na omba saa moja ya majaribio na mkufunzi atakayekufundisha kweli, sio mkuu wa chuo.