Tupeane uzoefu: neno la utotoni lililokugeuka ulipokutana na watu wa lugha nyingine

Mama Wawili: Wakuu, leo nimekumbuka kitu. Mwanangu alikuwa anamkimbilia babake huku anaita "Baba! Baba!", pembeni alikuwepo bibi mmoja Mbulgaria, akageuka akaitika kabisa na mikono akafungua. Kwao baba ni bibi! Mtoto akasimama katikati hajui aende kwa nani. Nikaanza kufuatilia, kumbe Waturuki, Wachina na Wayoruba baba kwao ni baba kama sisi, ila kwa Warusi ni mwanamke, tena ni lugha ya kumshushia hadhi. Nani mwingine yamemkuta?

Ndevu: Langu ni neno "dada". Mwanaume mzima mimi, nilikuwa na mwenzangu kazini Mbengali, kila asubuhi "dada, dada". Nikanuna wiki mbili, salamu sijibu, najua ananidharau. Kumbe Kibengali dada ni kaka mkubwa, jamaa wa watu alikuwa ananipa heshima! Nilimfuata nikamwomba radhi.

Mpitanjia: Na kwa Kihindi dada ni babu mzaa baba. Afadhali hukumfokea.

Mzee wa Hoja: Baba ni neno la Kiarabu hilo, limesambaa na biashara, mambo mengine msiyakuze.

Kalamu Nyeusi: Mkuu hapo umechemka. Kiarabu sanifu baba ni "ab". Na Wachina nao waliletewa na jahazi gani? Mtoto mchanga akianza kubabaika sauti za midomo ndizo zinawahi kutoka, ba, ma, pa, wazazi wakisikia wanajua wameitwa. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alishaliandikia hilo mwaka 1960, akitumia maneno 1,072 ya kuitia mama na baba aliyoyakusanya mwanaanthropolojia George Murdock kutoka lugha za kila pembe ya dunia. Hiyo m anasema ni ule mguno wa mtoto akiwa ananyonya, mdomo umejaa sauti inapitia puani, ndiyo maana mara nyingi inamwangukia mama.

Mzee wa Hoja: Mara nyingi, sio zote! Georgia, ile nchi jirani na Urusi, neno "mama" maana yake ni baba, hilo nalo ni la kunyonya?

Kalamu Nyeusi: Ndio maana nimesema mara nyingi. Soma kwanza ndipo ujibu.

Bweni la Juu: Jamani mmetaja Georgia mmenitonesha. Chuoni nililala chumba kimoja na binti wa huko. Usiku mmoja simu ikaita, akasikiliza kidogo akakaa chini sakafuni, analia "mama, mama", kitu kingine hasemi, na mimi nikaona hapa hakuna cha kuuliza, nikamkumbatia tukalia wote mpaka kunapambazuka. Asubuhi nikatangazia darasa zima kwamba kafiwa na mama yake, tukachanga, tukanunua kadi kubwa, kila mtu akaandika pole kwa kumpoteza mama. Siku ya pili mlango unagongwa, nafungua, mwanamke kavaa nyeusi juu mpaka chini, binti anaruka kitandani anamwita "deda!" Akanigeukia akaniambia huyu ndiye mama yangu. Na kadi iko mezani, imesimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyefariki ni baba yake.

Mpitanjia: Mungu wangu 😭

Ndevu: Yangu naifuta, haina uzito tena.

Mama Wawili: Pole sana dada. Hapa dawa ni moja, ukiwa na mgeni mwite kwa jina lake, haya ya mama na dada yaache.

Mzee wa Hoja: Jina tupu ni kumkosea mtu adabu. Muulize, "kwenu mzazi wa kiume mnamwitaje", yameisha.

Kalamu Nyeusi: Mtu analia sakafuni saa nane za usiku umuulize msamiati?

Mpitanjia: Au jifunzeni kuita kwa kupunga mkono 😀 Ila Bweni, ile kadi ikawaje?

Bweni la Juu: Nilitaka kuificha, yule mama akaniwahi. Akaisoma yote, majina yote, taratibu. Akaomba kalamu, palipoandikwa mama kwa Kiingereza akapiga mstari mmoja, juu yake akaandika "mama" kwa herufi za kwao, akaikunja akaitia kwenye mkoba.

Ndevu: Aisee.