Anaelewa akinitazama mdomo, nikiwa nyuma yake hasikii. Nianzie wapi?

MamaKondele, Kisumu
Hamjambo wadau. Kijana ana miaka mitano, ana mashine za kusikia masikio yote mawili. Nikiwa mbele yake anashika mengi, nikiwa nyuma ni kama sijasema kitu. Tena "mama" na "baba" anazichanganya hata akinitazama. Nifunike mdomo kwa mkono ndio azoee kusikiliza?

Mwl_Maseno
Mkono hapana, mama. Kiganja kinameza s, sh na f, halafu mtoto anazoea kutega sikio pale tu anapoona mkono umepanda. Keti ubavuni mwake, upande wa sikio lenye nguvu, umbali usiozidi mkono mmoja, nyote mkitazama vitu vilivyo mezani.

Weka viwili tu: embe na parachichi. Taja kimoja, akichukue. Kitu cha kwanza sikio linachotambua ni urefu wa neno, na embe ni fupi kuliko parachichi. Akipata mara nane kati ya kumi, nenda kwa maneno yenye urefu sawa na irabu tofauti, kama kuku na kiti. Konsonanti zinazokaribiana, mfano pata na bata, ziache mwisho kabisa. Wazazi wengi huanzia hapo kwa kuwa maneno ni mafupi, mtoto anabaki kubahatisha hadi anachoka.

Akikosa, rudia bila kuonyesha mdomo. Akikosa tena, mwonyeshe, kisha useme mara ya mwisho akisikiliza tu.

Mama na baba si kosa lake. Kwa p, b na m midomo hufungwa vilevile, kwa hiyo macho hayana la kumwambia. K, g na h hutokea nyuma ya kinywa, hazionekani kabisa. Mpe sentensi nzima: "Baba ametoka kazini" ina vidokezo ambavyo neno moja halina. Na usipaze sauti: ukipiga kelele irabu ndizo zinazopanda, konsonanti zinafunikwa, na midomo inapinda.

Fundi_Nakuru
Yote hayo ni bure kama mashine haifanyi kazi sawasawa. Kila asubuhi mpime kwa sauti sita za Ling, kipimo kifupi cha kuona kama anasikia sauti nzito hadi nyembamba: m, u, a, i, sh, s. Sikio moja kwa wakati, sauti ya mazungumzo ya kawaida, bila kuona mdomo, kwanza mita moja kisha mita tatu. Akisikia adondoshe kizibo cha soda kwenye kikombe cha plastiki. Badilisha mpangilio na uache kimya cha urefu tofauti, la sivyo atadondosha kwa kufuata mdundo. Akishazoea, azitamke mwenyewe.

Akirudisha "u" ulipotamka "i", sikiliza vizuri hapo. Sauti hizo mbili zinafanana upande wa chini, wa sauti nzito; tofauti yao iko juu, kwenye sauti nyembamba za Hz 2000 na zaidi. Huenda mashine haimfikishii eneo hilo, arudishwe kwa mtaalamu irekebishwe. Akikosa s peke yake, "si wangu" na "ni wangu" vitamchanganya kila siku, na mdomo hautamsaidia.

Kama jana alisikia zote na leo hasikii, anza na betri. Ukibandua karatasi yake, iache dakika moja au mbili ipate hewa ndipo uiweke. Kisha tazama nta kwenye moldi, kile kipande kinachokaa ndani ya sikio, na matone ya maji ndani ya mrija wake. Mashine ikipiga mluzi, mara nyingi moldi imelegea. Mtoto wa umri huo sikio linakua, moldi mpya itahitajika. Kupunguza sauti ili mluzi uishe ni kumnyima kusikia.

MamaKondele, Kisumu
Asanteni sana. Kwa siku iwe muda gani? Na nimwachishe ishara?

Mwl_Maseno
Dakika kumi, mara mbili, asubuhi. Mvua ya jioni ikianza kupiga mabati, acha mazoezi ya kusikia, fanyeni ya kusoma midomo: mita moja hadi moja na nusu, uso wako ukielekea dirishani, si dirisha liwe mgongoni mwako. Mashine avae tangu anapoamka hadi anapolala, isipokuwa akioga.

Ishara usimwachishe. Mvua ikinyesha na betri ikiisha, atazungumza na nini?

Fundi_Nakuru
Na kama hajapimwa upya karibuni, mpeleke EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, ya kaunti ndogo yenu. Beba daftari la zile sauti sita, andika sikio gani na umbali gani.