Mkojo unaisha na damu, nisaidieni jameni

Mkaazi_Majengo: Salaam aleikum. Wiki ya tatu sai, nkimaliza kukojoa vile vitone vya mwisho ni damu, vinachoma kidogo. Homa sina, chakula nala. Mke wangu kaona chooni, kanuna, hanisemeshi. Jumapili huogelea Pirates na watoto, yaweza kuwa ni bahari?

MamaSwaleh: Hicho kisonono baba. Ana haki ya kununa.

Kipimo_Tudor: Mie niko maabara. Nashuku kichocho, lakini hukukitoa baharini, konokono anayekilea ni wa maji tamu. Kidudu chatoka kwa konokono chakutoboa ngozi, chaenda kukaa kwa mishipa ya damu karibu na kibofu, dume kamkumbatia jike miaka na miaka, wakila damu yako. Lakini kinachokutoa damu ni mayai, yana mwiba nchani, yapasua kibofu yakitafuta njia ya kutoka. Umeingia maji gani?

Mkaazi_Majengo: Bahari tu wallahi.

Fundi_Likoni: Sisi utotoni kule Kinango wavulana tulikojoa damu tukajua ndo tushakuwa wanaume, kuna mmoja wetu hakuwa nayo tukawa twamcheka, hadi tulipoletewa tembe shuleni nkatapikia viatu vya mwalimu

Kipimo_Tudor: Kaka nimeuliza maji gani.

Mkaazi_Majengo: Haya. Nkienda Kinango naoga bwawani. Kwa wakwe. Wakwe wa pili, huku nyumbani hawajui. Msinihubirie, nimeoa kihalali. Na dawa nishanunua, mizizi ya elfu mbili, siku nne nanywa na damu imepungua.

MamaSwaleh: Mizizi ya elfu mbili na huku unga wachukuliwa kwa deni! Kupe mwenye minyoo.

Kipimo_Tudor: Kupungua si kupona. Mayai yakikaa miaka kibofu chakakamaa, hata saratani yaingia. Peleka mkojo wa kati ya saa nne na saa nane mchana, ndo mayai hutoka kwa wingi. Dawa ni prazikwanteli, utapimwa uzito kwanza. Na bibi wa bwawani naye apimwe.

Paka_wa_Ngamani: Ngojeni. Huyu mwezi jana si aliandika hapa ni kapera atafuta chumba Changamwe? Sai ana wake wawili na kibofu. Hadithi hadithi!

Fundi_Likoni: Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea 😂

Mkaazi_Majengo: Situngi. Kile chumba kilikuwa cha yule wa pili, ataka kuhamia mjini.

MamaSwaleh: Changamwe sehemu gani?